Gari Linapokula Oili: Tupime Kabla ya Kulaumiana

Wengi wetu tunaosimamia miradi vijijini tunategemea gari moja. Gari hilo ndilo hupeleka saruji kwenye ujenzi wa tangi, ndilo huombwa usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali, na ndilo hutufikisha kwenye semina na mikutano. Injini yake ikifa, kazi nyingi husimama kwa pamoja. Katika makala hii ninapenda kueleza kwa nini injini hula oili, namna ulaji huo unavyoweza kuiua, na hatua ambazo kila mwenye gari anaweza kuzichukua akiwa na kitambaa, kalamu na daftari. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

TULIVYOIPOTEZA INJINI

Miaka kadhaa iliyopita mradi wetu ulinunua gari la mtumba kutoka Japani. Lilifika likiwa safi, viti havina doa, injini imetulia. Baada ya miezi michache dereva wetu, mtu mzima anayenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, alianza kuja ofisini kuomba fedha ya oili.

"Mratibu, gari linakula oili," aliniambia.

Nilifungua kitabu cha matumizi. Sevisi ilikuwa imefanyika wiki tatu tu kabla ya hapo. "Mzee wangu, mbona oili tumeweka juzi?" nilimjibu. "Gari halivuji wala halitoi moshi. Hiyo oili inakwenda wapi?"

Hakuwa na jibu la kuniridhisha. Alirudi mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya nne palitokea mtu ofisini aliyenong'ona lile neno ambalo kila aliyefanya kazi na magari ya ofisi amewahi kulisikia, kwamba labda oili inauzwa. Sikulikubali, lakini pia sikulikataa. Niliagiza kuwa oili itanunuliwa wakati wa sevisi tu, kila kilomita 5,000. Dereva aliitika, "Sawa, Mratibu," na tangu siku hiyo hakuomba tena. Nikadhani tatizo limekwisha.

Siku moja tulikuwa tukirudi kutoka Morogoro tukiwa tumepakia pampu ya kisima. Tulipita Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga. Katikati ya mlima taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazimika, na kwenye kona iliyofuata ikawaka tena. Dereva alitaka kusimama. Mimi nikamwambia tumalize mlima kwanza, kwa kuwa malori yalikuwa nyuma yetu. Hatukufika mbali. Tulisikia mlio kama wa nyundo ikigonga chuma, kisha injini ikazima na haikuwaka tena. Ilikuwa imenoki.

Fundi alipofungua sampu alikuta oili isiyofika lita moja. Gari lilikuwa limetembea kilomita 4,100 tangu sevisi. Alipotoa pistoni alituonyesha ringi za oili zilizoganda kwa masizi kiasi kwamba hazikuweza kucheza hata kwa kusukumwa na kidole. Oili ilikuwa ikiungua ndani ya injini. Hakuna mtu aliyeiuza.

Fedha za matengenezo zilitoka katika fungu la matangi ya maji ya mvua ya shule ya msingi, na watoto wa shule ile wakasubiri msimu mwingine wa mvua.

OILI INAKWENDA WAPI?

Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka mara nyingi sana kwa dakika. Ukuta wa silinda lazima uwe na utando mwembamba wa oili, vinginevyo chuma kitasaga chuma. Kwa kawaida pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia nguvu ya moto isivuje kwenda chini. Ile ya tatu, ringi ya oili, hukwangua oili iliyozidi ukutani na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu madogo yaliyo kwenye pistoni.

Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, huungua kidogo kidogo na kuacha masizi. Masizi hayo huziba yale matundu na kuigandisha ringi katika mfereji wake. Ringi iliyoganda haikwangui tena. Oili hubaki ukutani, hupanda pamoja na pistoni na kuungua na petroli au dizeli.

Hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni oili sili za vali. Hizi ni za mpira, na kwa umri na joto hukakamaa, oili ikashuka taratibu kupitia shina la vali. Njia ya tatu ni vali ndogo ya kupumulia injini, ambayo mafundi huiita PCV. Ikiziba, mvuke wa ndani hukosa pa kutokea na kusukuma oili mahali isipotakiwa. Kwa injini zenye tabo, sili za tabo zikichoka hupitisha oili pia. Mwisho kuna kuvuja kwa nje, kwenye gasketi, filta na oili sili za krenki. Kuvuja huku ndiko rahisi kuonekana, na mara nyingi ndiko kwa gharama nafuu kutengenezwa.

Swali langu la "mbona hatuoni moshi" lilikuwa swali la mtu asiyepiga hesabu. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 1,000 linaunguza mililita moja tu kwa kila kilomita, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Kiasi hicho kikisambaa katika kilomita nzima, na kikapita kwenye ekzosi yenye kifaa cha kusafisha hewa chafu, jicho laweza lisione kitu.

HESABU INAYOWAPONZA WENGI

Yapo magari ambayo vitabu vyake vinasema ulaji wa hadi lita moja kwa kilomita 1,000 bado unakubalika. Tuichukue kauli hiyo kama ilivyo. Gari dogo la petroli lenye silinda nne huchukua oili ya lita 4 hivi. Ukifanya sevisi kila kilomita 5,000 na usiongeze kitu katikati, gari hilo lingehitaji lita 5. Kwa maneno mengine, injini inayohesabiwa kuwa nzima kwa mujibu wa kitabu inaweza kukauka kabla ya siku ya sevisi.

Ndiyo sababu agizo langu la kununua oili wakati wa sevisi tu lilikuwa hukumu ya kifo kwa injini ile. Kula oili peke yake kulikuwa hakujaiua. Ingeongezewa nusu lita kila ilipopungua, ingeweza kutembea muda mrefu huku tukitafuta fedha za matengenezo.

TAA NYEKUNDU HAIPIMI KIASI

Watu wengi huamini kuwa taa ya oili kwenye dashibodi itawaonya oili inapopungua. Katika magari mengi taa hiyo nyekundu inaonyesha kwamba msukumo wa oili umeshuka. Haionyeshi kiasi kilichobaki. Pampu ikiwa bado inapata oili ya kuvuta, taa haiwaki, hata kama sampu imebaki na nusu.

Oili ikishuka sana, gari linapopanda mlima au kukata kona oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu huvuta hewa. Hapo taa huwaka, kisha huzimika gari linapokaa sawa. Dereva asiyeelewa hudhani ni hitilafu ya umeme. Kumbe katika sekunde zile beringi za krenki zimebaki bila utando wa oili. Beringi hizo ni vipande vyembamba vya metali laini, na vikikosa oili huyeyuka na kukwanguka haraka. Nafasi ikishapatikana, konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, huanza kugonga. Mlio ule ndio tunaouita kunoki. Ukiendelea kuendesha, konrodi yaweza kukatika na kutoboa bloku ya injini.

Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka, hata kwa kupepesa, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Subiri, kisha pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza hadi alama ya juu, uwashe na kutazama. Ikiwa taa haizimiki, au kuna mlio wa kugonga, zima na uvutwe. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko gharama ya injini.

SI TATIZO LA HAPA KWETU TU

Wapo wanaodhani kuwa kula oili ni ugonjwa wa magari machakavu ya Afrika. Sivyo. Injini ya Toyota ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE ililalamikiwa sana na wamiliki nchini Marekani, hasa katika magari ya kati ya mwaka 2006 na 2011 kama Camry na RAV4. Ringi za oili ziliganda na matundu ya pistoni kuziba. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitangaza huko mpango wa kubadilisha pistoni na ringi bila malipo kwa magari yaliyothibitika kula oili kupita kiasi. Mpango huo ulikuwa na muda wake, nao ulikwishapita.

Injini ya aina hiyo ilifungwa pia kwenye Ipsum, Harrier, Kluger na Alphard, magari tunayoyaona kila siku barabarani kwetu. Injini ya lita 1.8 iitwayo 1ZZ-FE, iliyofungwa kwenye Premio, Allion na nyingine, nayo ilijulikana kwa tatizo hilo katika matoleo yake ya mwanzo. Hii haina maana kwamba kila gari la aina hizo ni bovu. Maana yake ni kwamba mwenye nalo apime mara nyingi zaidi.

Jambo la kujifunza kwa Wamarekani wale ni namna walivyothibitisha madai yao. Malalamiko peke yake hayakutosha. Oili ilijazwa hadi alama ya juu, kilomita zikaandikwa, gari likaendeshwa maili 1,200, yaani kilomita 1,900 hivi, kisha likapimwa tena. Lililopungua zaidi ya kwati moja, ambayo ni kama lita 0.95, lilihesabiwa kuwa na kasoro. Kipimo hicho nasi tunaweza kukifanya.

NAMNA YA KUPIMA

1. Egesha gari mahali palipo sawa. Zima injini na usubiri dakika tano hadi kumi ili oili ishuke kwenye sampu.

2. Chomoa stiki ya oili, ifute kwa kitambaa safi, irudishe hadi mwisho, kisha ichomoe tena na usome. Usisome mara ya kwanza kabla ya kufuta.

3. Ongeza oili hadi alama ya juu. Usizidishe, kwani oili iliyozidi nayo hudhuru. Andika tarehe na kilomita.

4. Pima kila wiki, na kila kabla ya safari ndefu. Kila unapoongeza, andika kiasi na kilomita.

5. Baada ya kilomita 1,000 au 2,000 jumlisha. Gawa lita zilizoongezwa kwa kilomita, kisha zidisha kwa 1,000. Kwa mfano, lita moja na nusu kwa kilomita 2,000 ni sawa na lita 0.75 kwa kila kilomita 1,000.

Daftari likishakuwepo, mazungumzo kati ya dereva na ofisi hubadilika. Dereva haji tena na malalamiko matupu, anakuja na tarakimu. Msimamizi naye anaweza kuona kama ulaji umebaki palepale au unapanda. Hata pale ambapo kweli oili inachukuliwa, daftari hilo litaonyesha, maana stiki ikisomwa na watu wawili haina upendeleo.

MOSHI UNASEMA NINI?

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitokea asubuhi gari linapowashwa kisha ukatoweka, au ukitokea unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, shuku oili sili za vali. Ukitokea kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi. Moshi mweusi ni mafuta mengi yasiyoungua vizuri, wala hauhusiani na oili.

TUKISHAPIMA, TUFANYE NINI?

Anza na vitu vya bei nafuu. Osha injini na utafute mahali panapovuja. Kagua vali ya PCV, uisafishe au uibadilishe. Tumia oili ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, na uibadilishe kwa wakati. Kama ulaji ni mdogo na haupandi, unaweza kuishi nao kwa kuongeza oili, mradi chupa ya akiba haikosekani garini.

Kama ulaji unapanda, mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda. Silinda ikiwa dhaifu, humiminwa oili kidogo ndani yake kisha hupimwa tena. Nguvu ikiongezeka, shuku ringi. Isipoongezeka, shuku vali au gasketi. Lakini angalia jambo hili: ringi ya oili yaweza kuganda wakati ringi za juu ni nzima, na kompresheni ikaonekana nzuri. Hivyo kompresheni nzuri haipingi daftari lako.

Mafundi wengine watakushauri uweke oili nzito. Inaweza kupunguza ulaji kwa muda, lakini haiponyi ringi iliyoganda, na katika injini za kisasa zenye njia nyembamba huchelewa kufika juu injini inapowashwa ikiwa baridi. Aidha, wauzaji wasio waaminifu huitumia kuficha ubovu. Ukinunua gari, omba uliwashe mwenyewe asubuhi likiwa baridi, utazame ekzosi na uchomoe stiki.

Ukiamua kufanya ovaholi, hakikisha silinda zinapimwa kabla ya kununua spea. Ringi mpya katika silinda iliyolika au kupoteza umbo la duara hazitakaa. Silinda ya namna hiyo huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kama bloku inaruhusu. Beringi zikaguliwe wakati huohuo, na spea zilizotolewa ukabidhiwe uzione.

Ukiamua kununua injini ya mtumba, kumbuka kuwa injini ya aina ileile yaweza kuwa na ugonjwa uleule. Fungua kifuniko cha oili utazame kama ndani kuna tope jeusi, na upatane na muuzaji kwa maandishi kuhusu muda wa majaribio. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo toa taarifa TRA ili kadi irekebishwe. Bila hivyo utapata usumbufu siku ya kuuza gari au ya kudai bima.

HITIMISHO

Baada ya gari letu kupona nilimwita dereva ofisini, mbele ya wenzetu waliokuwa wamesikia minong'ono ile, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mratibu, mimi niliacha kuomba kwa sababu niliona naonekana mwizi." Maneno hayo yameniuma kuliko ankara ya gereji. Mtu aliyejua ubovu wa gari kuliko sisi sote alikuwa amefundishwa kunyamaza, na aliyemfundisha ni mimi.

Sasa katika gari letu kuna daftari, kitambaa na chupa ya lita moja ya oili. Kila Jumatatu asubuhi dereva huchomoa stiki, mtu mmoja wa ofisi huisoma pamoja naye, na wote wawili hutia sahihi. Kazi hiyo haichukui dakika kumi na tano. Dereva pia ana ruhusa ya kusimamisha gari popote taa nyekundu inapowaka, bila kumwuliza aliyekaa kiti cha mbele.

Ndugu msomaji, kabla hujaanza safari yako ijayo, chomoa stiki. Na kama dereva wako amewahi kukuambia kuwa gari linakula oili, mwite leo mkapime pamoja.